Jinsi ya kuchagua na kutumia multimita bila kuhatarisha maisha

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walisema mchagua jembe si mkulima. Katika uraibu wa elektroniki, hata hivyo, anayejifunza ufundi bila kuchagua kifaa chake cha kupimia kwa makini huweza kupoteza pesa, kuharibu redio ya mwenyewe au hata kuangamiza maisha yake.

Kifaa hicho ni multimita, ambayo mafundi wengi nchini huiita mita tu. Katika maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, mita ya bei ya chini huuzwa kwa mamia machache ya shilingi, ilhali ile ya kampuni yenye sifa hugharimu maelfu, na nyingine makumi ya maelfu.

Kwa macho, zote zinafanana: kioo, kitufe cha kuzungusha, matundu matatu au manne na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Tofauti kubwa imefichika ndani, na hujitokeza siku ambayo mtumiaji amekosea.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo anayeanza anapaswa kujua kabla ya kutoa pesa zake, namna ya kupima bila kujidhuru, na vifaa vingine vinavyofaa kufuata baada ya mita.

Asili ya kifaa

Jina la mhandisi Donald Macadie, aliyekuwa mfanyakazi wa Shirika la Posta la Uingereza, ndilo hutajwa zaidi katika historia ya chombo hiki. Alichoshwa na kubeba vifaa vingi vya kupimia, akabuni kimoja kilichounganisha kazi zote.

Kifaa hicho kilianza kuuzwa mwaka wa 1923 kwa jina AVO, herufi ambazo zilisimamia ampea, volti na omu. Kilitumia mshale uliotembea juu ya mistari yenye nambari.

Mita za dijitali za kushikwa mkononi zilienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya sabini, hasa baada ya kampuni ya Fluke ya Marekani kutoa mita yake aina ya 8020A mwaka wa 1977.

Inapima nini?

Kazi kuu za multimita ni tatu. Ya kwanza ni kupima volti, yaani msukumo wa umeme. Ya pili ni kupima ampea, yaani wingi wa mkondo unaopita. Ya tatu ni kupima omu, yaani ukinzani ambao mkondo huo unakumbana nao njiani.

Mfano wa maji hurahisisha jambo hili. Volti ni kama kimo cha tangi juu ya paa, ampea ni wingi wa maji yanayopita katika mfereji, nayo omu ni wembamba wa mfereji wenyewe.

Uhusiano wa vipimo hivi ulielezwa na Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka wa 1827: volti ni sawa na ampea mara omu. Kanuni hii ndiyo msingi wa karibu kila kipimo ambacho mwanafunzi atafanya.

Kwa mfano, tuseme kijana anataka kuwasha taa ndogo nyekundu ya LED kwa betri ya volti 9. Taa hiyo hutumia takriban volti 2, hivyo volti 7 zinasalia. Akiweka rezista ya omu 470, mkondo utakuwa 7 kugawanya kwa 470, yaani takriban miliampea 15, kiasi ambacho taa hiyo inakimudu. Asipoiweka, taa itaungua.

Mita humwezesha kuthibitisha hesabu hiyo badala ya kubahatisha.

Mbali na kazi hizo tatu, mita nyingi za kisasa hupima daiodi, hulia mlio waya unapokuwa mzima, na nyingine hupima kapasita, joto na marudio ya mawimbi kwa sekunde.

Mshale au dijitali?

Mafundi wa zamani bado wanapenda mita ya mshale, na wana sababu. Kipimo kinapopanda na kushuka, jicho huufuata mshale kwa urahisi kuliko nambari zinazorukaruka. Isitoshe, inapopima volti haihitaji betri.

Hata hivyo, mita ya mshale ina udhaifu. Huhitaji macho yanayotazama moja kwa moja kutoka juu, huharibika inapoanguka, na mshale unaweza kupinda ukiunganisha chanya na hasi kinyume.

Jambo jingine ni kwamba mita yenyewe hunyonya mkondo kidogo kutoka kwa saketi inayopimwa. Mita nyingi nzuri za dijitali zina ukinzani wa omu milioni 10, hivyo hazivurugi saketi. Za bei ya chini kabisa huwa na omu milioni 1, na za mshale huwa chini ya hapo katika viwango vidogo vya volti.

Kwa anayeanza leo, dijitali ndiyo chaguo bora. Ya mshale inaweza kuja baadaye.

Mambo ya kuangalia dukani

Kwanza ni usalama. Mita inayofaa huandikwa CAT II, CAT III au CAT IV, pamoja na idadi ya volti, karibu na matundu ya kuingizia nyaya. Huu ni utaratibu wa kimataifa unaoonyesha mahali ambapo kifaa kinaweza kutumika.

CAT II ni kwa vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi, kama vile redio na televisheni. CAT III ni kwa nyaya za ndani ya jengo na sanduku la kugawa umeme. CAT IV ni mahali umeme unapoingilia katika jengo kutoka nje.

Kadri unavyokaribia chanzo cha umeme, ndivyo mshtuko wa ghafla wa volti, kwa mfano wakati wa radi, unavyokuwa na nguvu zaidi. Mita isiyojengwa kuhimili mshtuko huo huweza kulipuka mkononi.

Maandishi pekee hayatoshi, kwani mtu yeyote anaweza kuchapisha herufi kwenye plastiki. Tafuta alama za maabara huru kama vile UL, CSA au TÜV, na uthibitishe kwamba bidhaa imeidhinishwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Alama ya CE mara nyingi ni tamko la mtengenezaji mwenyewe.

Aidha, soma jina herufi kwa herufi. Kuna mita ambazo majina yao yanatofautiana na ya kampuni maarufu kwa herufi moja tu.

Pili ni fyuzi. Muulize muuzaji iwapo tundu la ampea 10 lina fyuzi. Katika mita nyingi za bei ya chini, tundu hilo halina ulinzi wowote. Mita bora hutumia fyuzi nene za kauri zilizojazwa mchanga, ambazo huzima cheche hata volti zikiwa nyingi. Fyuzi ndogo za kioo haziwezi kazi hiyo.

Tatu ni nyaya za kupimia. Ziwe laini, nene, na zenye kikingo cha kuzuia vidole visiteleze hadi kwenye chuma. Nyaya hafifu hukatikia ndani bila kuonekana, na fundi akadhani kwamba saketi haina umeme kumbe waya wake ndio umekufa.

Nne ni usahihi. Mita ya kawaida huandikwa kwamba inaweza kukosea kwa asilimia 0.5 pamoja na tarakimu 2 za mwisho. Ikionyesha volti 12.00, asilimia 0.5 ni volti 0.06, na tarakimu mbili ni 0.02. Hivyo volti halisi zinaweza kuwa kati ya 11.92 na 12.08. Kwa uraibu, hilo latosha kabisa.

Tano ni mlio wa kuthibitisha uzima wa waya. Fundi hutumia mlio huu mara nyingi kuliko kipimo kingine chochote, kwa hivyo hakikisha unasikika papo hapo ncha zinapogusana.

Sita ni alama ya TRMS. Mita isiyo nayo hupima sawasawa umeme wenye wimbi laini tu. Inverta nyingi za bei nafuu zinazotumika na paneli za sola hutoa wimbi la ngazingazi, na mita ya kawaida huweza kudanganya, mara nyingi kwa kuonyesha volti chache kuliko zilizopo. Anayeishi kwa umeme wa jua ana sababu ya kulipia alama hiyo.

Namna ya kupima volti

Chomeka waya mweusi katika tundu la COM na mwekundu katika tundu lenye herufi V. Chagua aina ya umeme: mkondo nyoofu kwa betri na sola, au mkondo geu kwa soketi ya nyumbani.

Ikiwa mita yako haijichagulii kiwango, anza na kiwango cha juu kabisa kisha ushuke taratibu. Gusa pande mbili za unachopima huku saketi ikiwa inafanya kazi.

Betri ya gari iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban volti 12.6. Ikikaribia 12.0 imeisha nguvu. Injini ikinguruma, kipimo kinafaa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4, la sivyo huenda kifaa cha kuchaji kina hitilafu.

Seli moja ya kawaida ya lithiamu hujaa kwenye volti 4.2. Ikishuka chini ya volti 2.5, imo katika hatari ya kuharibika na haifai kuchajiwa ovyo.

Betri kavu pia hudanganya. Iliyochoka huonyesha volti karibu na 1.5 ikiwa peke yake, kisha huporomoka inapopewa kazi. Ipime kifaa kikiwa kimewashwa.

Namna ya kupima mkondo

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Volti hupimwa kwa kugusa pande mbili, lakini mkondo hupimwa kwa kukata njia na kuifanya mita iwe sehemu ya njia hiyo. Ni sawa na kukata mfereji na kuunganisha kifaa cha kuhesabu maji katikati yake.

Hamisha waya mwekundu hadi tundu la 10A. Ukiona mkondo ni mdogo mno, ndipo uende kwenye tundu la mA, ambalo fyuzi yake mara nyingi huhimili miliampea 200 hadi 500.

Ukimaliza, rudisha waya mwekundu katika tundu la V kabla ya kufanya lolote. Kanuni hii haina msamaha.

Sababu ni kwamba tundu la 10A ndani yake ni kama kipande cha chuma kitupu. Anayesahau waya hapo kisha akachomeka ncha kwenye soketi ya volti 240 ili kupima volti, ameunganisha nyaya mbili za soketi moja kwa moja. Mita isiyo na fyuzi huweza kulipuka na kumwagia moto usoni na mikononi.

Namna ya kupima ukinzani

Zima kifaa kwanza. Ukinzani haupimwi umeme ukiwamo, kwani mita hutumia betri yake ndogo kupima, na umeme wa nje utaivuruga au kuiharibu.

Rezista iliyo bado kwenye bodi huweza kuonyesha omu chache kuliko ilizo nazo kwa sababu mkondo hupitia sehemu nyingine zilizo kando yake. Ukitilia shaka, nyanyua mguu wake mmoja kwa chuma cha kulehemu kisha upime upya.

Daiodi nzima ya silikoni huonyesha takriban volti 0.5 hadi 0.7 upande mmoja, na upande wa pili haionyeshi kitu. Ikilia pande zote mbili, imekufa.

Hatari zilizojificha

Umeme ukizimwa haumaanishi kwamba hatari imetoweka. Ndani ya televisheni, chaja za kompyuta na vifaa vinavyofanana navyo, kapasita kubwa hubeba takriban volti 340 ambazo huweza kubaki hata baada ya plagi kuchomolewa.

Usitumie bisibisi kuzimaliza, kwani cheche yake huharibu vifaa na kujeruhi macho. Tumia rezista kubwa iliyoshikiliwa kwa kishikio kisichopitisha umeme, kisha uthibitishe kwa mita kwamba volti zimekwisha.

Oveni ya maikrowevu ni marufuku kwa anayejifunza. Ndani yake mna volti zaidi ya 2,000 zenye nguvu ya kutosha kuua papo hapo, na mita ya kawaida haikujengwa kuzihimili.

Kuna pia volti za kivuli. Waya uliokatwa lakini unaopita kando ya waya wenye umeme huweza kuonyesha makumi ya volti kwenye mita ya dijitali, ingawa hauna nguvu yoyote. Usiogope wala usipuuze, chunguza.

Mafundi waangalifu hupima mara tatu. Kwanza hupima mahali wanapojua pana umeme ili kuhakikisha mita ni nzima. Kisha hupima mahali wanapotaka kufanyia kazi. Hatimaye hurudi mahali pa kwanza kuthibitisha kwamba mita haikufa katikati ya kazi.

Ikumbukwe pia kwamba kisheria, kuweka nyaya za umeme katika majengo ni kazi ya mafundi walioidhinishwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Uraibu unafaa kukomea kwenye meza ya kazi.

Vifaa vya kuongezea

Cha pili kununuliwa baada ya mita si lazima kiwe ghali. Taa ya mfululizo ni balbu ya zamani yenye uzi, ya wati 60 au 100, iliyounganishwa kwenye njia ya umeme unaoenda kwa kifaa kinachotengenezwa.

Kifaa kikiwa na hitilafu ya nyaya kugusana, balbu huwaka kwa nguvu na kuumeza mkondo, badala ya fyuzi kukatika au transista mpya kuungua. Kikiwa kizima, balbu humulika kwa muda mfupi kisha hufifia. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii.

Hata hivyo, taa hii hulinda kifaa, haimlindi fundi. Umeme uliomo bado unaweza kuua.

Kingine ni chanzo cha umeme cha mezani kinachoruhusu kuchagua volti na kuweka kikomo cha mkondo. Aina zinazopatikana sana hutoa volti 0 hadi 30 na ampea 5. Ukiweka kikomo cha miliampea 100 unapojaribu saketi mpya, kosa lako halitageuka kuwa moshi.

Kuna pia kijaribio kidogo ambacho hutambua chenyewe iwapo kitu ni rezista, kapasita, daiodi au transista, na kuonyesha miguu yake. Kinawafaa sana wanaovuna vipuri kutoka kwa redio zilizotupwa. Maliza umeme wa kapasita kabla ya kuiweka humo, la sivyo kijaribio kitaungua.

Mita ya kubana waya nayo hupima mkondo bila kukata njia. Ibane waya mmoja pekee. Ukibana nyaya mbili za kwenda na kurudi kwa pamoja, itaonyesha sufuri. Nyingi za bei ya chini hupima mkondo geu tu, hivyo mwenye sola aulize kwanza.

Oskiloskopu huja mwisho. Ilizaliwa kutokana na kifaa ambacho Mjerumani Karl Ferdinand Braun alikibuni mwaka wa 1897, na kazi yake ni kuchora wimbi la umeme kwenye kioo. Mita hukuambia volti ni ngapi. Oskiloskopu hukuonyesha zinavyobadilika.

Kwa sauti na redio kaseti, oskiloskopu ndogo za bei nafuu zatosha. Kwa saketi za kompyuta ndogo kama Arduino, tafuta ambayo uwezo wake ni angalau mara tano ya kasi ya wimbi unalotaka kutazama.

Tahadhari kubwa ni kwamba kibanio cheusi cha oskiloskopu ya kuchomekwa ukutani kimeunganishwa na waya wa ardhi. Ukikibana kwenye sehemu yenye umeme wa soketi, utasababisha mlipuko.

Utunzaji

Badilisha betri ya mita mara alama yake inapojitokeza kwenye kioo. Betri iliyochoka huifanya mita nyingi za bei ya chini kuonyesha volti zaidi ya zilizopo, na fundi akahukumu betri mbovu kuwa nzima.

Fyuzi ikikatika, nunua nyingine ya aina na kiwango kilekile. Kuifunga kwa uzi wa waya au karatasi ya sigara ni kuondoa ukuta uliosimama kati yako na mlipuko.

Kila baada ya miezi michache, linganisha mita yako na ya mwenzako kwa kupima betri moja na rezista moja yenye usahihi wa asilimia 1. Zikitofautiana sana, tafuta ya tatu kuwa shahidi.

Kwa mwenye bajeti finyu, ushauri ni huu: mita ya bei ya chini yatosha kwa betri, sola ndogo na saketi za volti 12 kurudi chini. Lakini anayenuia kugusa chochote chenye volti 240 aweke akiba hadi apate mita yenye alama za kweli na fyuzi za kauri.

Tahadhari kabla ya hatari. Mita hubadilishwa, na redio hutengenezwa upya, lakini mkono na jicho la fundi havina vipuri Luthuli Avenue wala kwingineko.